Charge sio simu tu: jinsi ya kuzishika maana zake zote na ndugu zake, hatua kwa hatua

Nimeamua kuandika hii maana swali ni lile lile kila siku: hili neno la Kiingereza charge lina maana gani hasa? Watoto wakiingia fomu wani wanauliza, vijana wa bandarini wanauliza, na wadada wanaotafuta kazi kwenye nyumba za wageni kule Mikindani ndo usiseme. Mi nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni hapa Mtwara mjini, na neno linalowasumbua watu kuliko maneno magumu ya vitabuni ni hili dogo tu, charge, kwa sababu kila mtu anadhani analijua.

Kijana mmoja alikuja kwangu hajakaa hata wiki mapokezi kwenye nyumba ya wageni hiyo ya Mikindani. Mgeni kafika, kaweka begi chini, kamuuliza "Who is in charge here?" Kijana kasikia charge, kainama chini ya meza, kachomoa chaja yake mwenyewe kwenye soketi akampa. Mgeni akaipokea, akaiangalia, akairudisha mezani taratibu na waya wake, afu akauliza tena swali lile lile. Kijana akajibu "No charge, electricity cut." Siku hiyo kweli umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa ananisimulia huku anakunja kunja pindo la shati, na mi nilimwambia ukweli wangu: hujakosea kwa uvivu, umekosea kwa sababu umefundishwa neno moja maana moja, na hakuna aliyekwambia kuna nyingine. Hii nimeiandika kwa ajili yake na kwa wote walio kama yeye.

Kabla hujaanza, andaa hivi:

- Daftari, kaunta buku ndogo inatosha, na kalamu za rangi mbili.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, ya kitabu au ya kwenye simu. Ya simu chagua inayofungua bila bando, maana bando likiisha katikati ya somo hamu inaisha nayo.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mfano. Usiiogope, utasoma mifano tu, maelezo yake yaache kwanza.
- Karatasi zozote za Kiingereza zilizoko nyumbani: risiti, fomu ya benki, karatasi ya hospitali, kipande cha gazeti, meseji za mtandao wa simu.
- Nusu saa kwa siku, siku tano. Ukitaka kumaliza usiku mmoja utachanganya na utarudi kuniuliza tena.

Hatua ya 1. Andika unachokijua tayari

Fungua ukurasa mpya, juu kabisa andika CHARGE, chini yake andika kila unachokijua wewe bila kuangalia kamusi. Wengi mtaandika "chaji ya simu" basi. Sawa kabisa, iache hapo. Hiyo ndo maana moja ambayo Kiswahili kimeikopa kikaifanya yake, ndo maana ukipita vijijini unakuta kibao cha kuchaji simu kwa sola na kila mtu anaelewa. Sisi tumechukua tawi moja tu, mti wenyewe umebaki kwa wenyewe.

Hatua ya 2. Weka picha ya MZIGO kichwani

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaitegemea, kwa hiyo usiiruke hata kama una haraka.

Charge ilitoka Kifaransa cha zamani, na huko maana yake ilikuwa kupakia, kutwika mzigo. Mzizi wake ni neno la Kilatini la mkokoteni, carrus, na kwenye mzizi huo huo ndo yametoka car, carry na cargo. Kiingereza kiliyapata maneno mengi ya namna hii baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakamani. Historia inatosha hapo. (Na wale mnaosema gari limetoka kwenye car, hapana, gari tumelipata kwa Wahindi, limefanana tu.)

Sasa angalia vizuri. Kwa Kiswahili chetu mtu akipewa kesi tunasema kabebeshwa kesi. Akipewa cheo tunasema katwishwa madaraka. Akiwa na deni kubwa tunasema ana mzigo wa madeni. Umeona? Waingereza nao wamefanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wametumia neno moja kila sehemu. Kwa hiyo kila ukikutana na charge jiulize: nani katwishwa nini?

Simu imetwishwa umeme. Mteja katwishwa bei ya kulipa. Mtuhumiwa katwishwa kosa. Mkubwa katwishwa jukumu. Bunduki au baruti imepakiwa tayari kulipuka. Chora hizo picha kwenye daftari, hata kama mchoro ni wa mtoto wa chekechea, chora tu mtu ana gunia kichwani, na kwenye gunia andika: umeme, pesa, kosa, kazi. Wanafunzi wangu waliochora hawasahau, wale walioandika tu orodha wanasahau ndani ya wiki.

Kuna maana moja tu inayokaa mbali kidogo na mzigo, ile ya kushambulia kwa mbio, nitaifikia.

Hatua ya 3. Kusanya sentensi kumi, usikusanye maana

Chukua zile karatasi zako na kamusi ya mifano, tafuta sentensi kumi zenye charge, zinakili zote kama zilivyo. Usitafsiri bado. Kwa kalamu ya rangi ya pili zungushia kaneno kanakofuata: for, with, of, at. Hako kaneno ndo kanakokwambia uko chumba gani cha nyumba.

"They charge for breakfast." Hiyo ni for, tuko kwenye pesa.
"He was charged with theft." With, tuko mahakamani.
"She is in charge of the ward." In na of, tuko kwenye madaraka.
"The buffalo charged at us." At, kimbia.

ANGALIZO: kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuruka hivi vitu vidogo akidhani havina kazi. Ukiondoa with kwenye "charged with" unaweza kutoka kwenye mashtaka ukaingia kwenye bei. "They charged him" peke yake inaweza kuwa walimshtaki, walimtoza, au walimvamia, haijulikani mpaka usome sentensi ya mbele na ya nyuma.

Hatua ya 4. Gawa mafungu, afu tafuta ndugu wa kila fungu

Kisawe ni neno lenye maana sawa au karibu sawa, na hapa karibu ndo neno la kushika. Usiandike orodha moja ndefu ya visawe vya charge, utaharibu kila kitu, maana accuse na fee wote ni ndugu wa charge ila wao kwa wao hawajuani kabisa. Kila fungu ukurasa wake.

Fungu la pesa. Hapa tukae, maana ndo linalogusa mfuko wa kila mtu.

Charge ni kiasi unachotozwa, hasa kwa huduma. Ndugu zake ni hawa na kila mmoja ana kazi yake:

Fee ni ada: ya shule, ya mwanasheria, ya kujisajili. Fare ni nauli, ya basi la kwenda Masasi au ya kivuko cha Msangamkuu. Toll ni ushuru wa kupita njia au daraja, kama ule wa daraja la Kigamboni kule Dar. Fine ni faini, umekosa ndo unalipa. Rent ni kodi ya nyumba, tax ni kodi ya serikali, Kiswahili tunaita zote kodi kwa hiyo hapo kuwa makini sana. Levy ni tozo. Duty, kwenye mambo ya bandari, ni ushuru wa forodha. Price ni bei ya kitu, bill ni ile karatasi inayojumlisha unachodaiwa, na deductions ni makato, yale ambayo mkulima wa korosho anakuta yameondolewa kwenye hela yake baada ya mnada.

Jaribu kubadilishana ndo utaona. "Bus fee" mtu atakuelewa ila atajua umejifunzia njiani, sema "bus fare." "School fare" haipo. Na mama anayeuza ming'oko stendi hana "charge," ana "price," maana anauza kitu. Fundi baiskeli ndo ana charge, anauza kazi yake.

Afu kuna charge na cost, hawa wanawatesa mpaka watu wa fomu foo. Kanuni yake nyepesi: anaye-charge ni mtu au ofisi, kina-cho-cost ni kitu au kazi. "The fundi charged me 3,000 shillings for the puncture," lakini "The repair cost me 3,000 shillings." Ukisema "The repair charged me" umemfanya kazi awe mtu. Na mpangilio ni huu huu siku zote: charge, anayetozwa, kiasi, for, kitu. Hakuna "charged to me 3,000," hiyo to usiiweke hapo.

"Free of charge" ni bure. Ndugu yake ni "for free." Ukiona "charges apply" kwenye meseji ya simu au tangazo, ujue kuna makato, usibonyeze kwanza, soma.

Fungu la kesi. Charge hapa ni shtaka, na kushtaki rasmi. Kuna mzazi aliwahi kunijia analia, kaoneshwa sehemu kwenye gazeti la Kiingereza kwamba mtoto wa ndugu yake "was charged" na mtu kamwambia tayari kafungwa. Hapana! Charged ni kashtakiwa tu, kesi ndo kwanza inaanza. Hebu nakili ngazi hii kwenye daftari kwa mpangilio: suspected ni anatuhumiwa, arrested ni kakamatwa, charged ni kafikishwa na shtaka limesomwa au limeandikwa rasmi, convicted ni katiwa hatiani, acquitted ni kaachiwa huru baada ya kuonekana hana hatia. Karatasi yenyewe inaitwa charge sheet, hati ya mashtaka.

Ndugu wa karibu ni accuse, lakini accuse hata jirani anaweza kukufanyia kibarazani, charge wanafanya wenye mamlaka. Na vineno vyao havifanani: accused OF, charged WITH. Mwingine ni sue, huyo ni wa kesi ya madai, shamba au deni, sio jinai. Msichanganye, maana kwenye barua ya kisheria tofauti hiyo ni kubwa.

Fungu la madaraka. "In charge of" ni anayesimamia, mwenye dhamana. Visawe vyake ni responsible for, heading, running, kwa maongezi ya kawaida the boss pia inapita. Hospitalini kwetu mfawidhi wanamwita inchaji, Kiswahili cha kazini sawa, ila kwa mgeni usiseme "I am the incharge," sema "I am in charge" au "I am the person in charge." Kijana wa Mikindani jibu lake lilitakiwa kuwa moja kati ya haya mawili: "I am," au "The manager, let me call her."

Sasa hapa kuna mtego mwembamba sana, kaneno the. "The nurse is in charge of the child," nesi ndo anamwangalia mtoto. "The child is in the charge of the nurse," mtoto yuko chini ya uangalizi wa nesi. Umeongeza the tu na mzigo umehama kichwa. Mitihani wanapenda hiyo.

Fungu la umeme. Kuchaji simu mnajua. Kisawe cha karibu ni recharge, kuchaji tena. Fomu tuu na kuendelea mtaikuta kwenye fizikia, positive charge na negative charge, chaji chanya na chaji hasi, kipimo chake coulomb. Ukisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele kavu ikavuta vipande vya karatasi, hiyo ndo charge yenyewe, imetwishwa umeme.

ANGALIZO: "Simu imeisha chaji" usiitafsiri neno kwa neno. "My phone has finished charge" sio Kiingereza. Sema "My phone is dead" au "My battery is dead." Na kile kifaa ni charger. "Give me your charge" mtu atabaki anakutazama.

Fungu la kuvamia. Mnyama au watu wanakujia kwa mbio kwa nguvu zote. Watu wa Liwale na Nachingwea wanaoishi na tembo hili wanalielewa kuliko kamusi: "The elephant charged at them." Ndugu zake ni attack na rush. Attack ni pana, unaweza kuvamiwa kimya kimya usiku, rush ni mbio tu hata bila ubaya, charge ni mbio na ubaya kwa pamoja. Mtoto mmoja darasani aliandika kwamba dume la ng'ombe "lilimtoza mkulima," nikamwambia asome tena, mkulima kakimbilia juu ya mti, je mtu akitozwa anapanda mti? Akafuta mwenyewe. Sentensi nzima ndo inayokupa jibu.

Baruti inaingia kwenye mzigo, "explosive charge," ile iliyopakiwa ya kulipua. Wavuvi wetu wanaijua kwa ubaya wake kwenye matumbawe, sitakaa sana hapo.

Hatua ya 5. Ongeza familia yake

Overcharge ni kuzidisha bei, kulangua mtu. Undercharge kinyume chake. Na discharge ndo kushusha mzigo, turudi kwenye picha yetu ya mwanzo utaona raha yake: meli bandarini hapa Mtwara inashusha shehena, discharge. Mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani, discharge. Mshtakiwa anaondolewa shtaka, discharge. Betri inaishiwa, discharge. Kidonda kinatoa majimaji au usaha, discharge. Mizigo mitano imeshuka, neno moja.

Hatua ya 6. Andika sentensi zako, za maisha yako

Kila fungu sentensi tatu, na ziwe za kweli. Usiandike za John na Mary. Andika ya dereva boda aliyekuzidishia bei kutoka Shangani, andika nani anasimamia familia baba akisafiri. Afu mpe mtu azisome kwa sauti, akikwama sehemu ujue hapo hujaeleweka.

Ukikwama, angalia hapa

Kamusi imenipa maana nyingi mno, nimechoka. Usizisome zote. Soma sentensi yako, amua fungu kwanza, afu ndo uende kwenye kamusi kutafuta fungu hilo tu. Kwenda kamusini mikono mitupu ni kama kwenda sokoni hujui unanunua nini.

Programu ya kutafsiri imenipa kitu cha ajabu. Kuna mtu aliletewa "Charges were dropped" kama malipo yameanguka. Mashtaka yamefutwa, ndo maana yake. Ukiipa mashine sentensi moja fupi inabahatisha, ipe aya nzima, na wewe angalia maneno ya jirani: dropped, court, police, hayo sio maneno ya dukani.

Nimelielewa kwenye maandishi ila mtu akitamka silisikii. Kwa sababu unasubiri "chaji" yenye i mwishoni. Wao wanavuta aa katikati na kukata mwisho, chaaj. Na charged sio "chajedi," ni pigo moja tu, chaajd, hiyo d inasikika kidogo sana. Sema mara ishirini huku unasikiliza kwenye kamusi ya simu inayotamka.

Nikiandika naogopa kukosea ndugu. Basi tumia neno pana: pay kwa pesa, accuse kwa kosa kama sio la mahakamani, manage kwa usimamizi. Ukishazoea utarudi kwenye charge.

Karatasi ya hospitali imeandikwa discharge sijui ni ipi. Angalia iko wapi. Ikiwa juu kama kichwa cha habari, au karibu na tarehe, ni kuruhusiwa. Ikiwa kwenye maelezo ya ugonjwa, karibu na maneno kama wound, ear au eye, ni majimaji yanayotoka. Bado huna uhakika, usisaini na usiondoke, muulize nesi kwa Kiswahili kabisa: dada, hapa pameandikwa naruhusiwa, au panaeleza kidonda?